Chokaa Chini ya Kinu

Tangu nistaafu, mafundi vijana wa karakana niliyoiacha hunipitia nyumbani na swali lile lile, ila kila mmoja hulivalisha nguo yake. Gari ni kuukuu, springi mpya zimepatikana, shokapu zimepatikana, bati la kuchomelea lipo, muda hautoshi: waanze na nini? Huwajibu kwa kifupi, nao huondoka hawajaridhika, kwa sababu jibu fupi la swali hili halimwingii mtu ambaye hajawahi kulikosea. Mimi nililikosea vizuri sana, tena mbele ya mashahidi. Nimeona afadhali niliandike mara moja, ili wanaonipitia tuwe tunakunywa chai kwa amani.

Habari za vyeo sitazigusa. Vyangu vilikuja vichache na kwa kuchelewa, na hakuna hata kimoja kilichowahi kufunga nati.

Nilifika Mtwara mwishoni mwa miaka ya sitini, nikitokea chuo kikuu kule Nairobi, na shahada ya uhandisi wa mitambo niliyoilaza sandukuni katikati ya mashati mawili ili isikunjike. Mimi ni mtu wa Bukoba, na mnajua tunavyosemwa kuhusu vyeti. Karakana ya serikali ilikuwa kwenye njia ya bandarini, mahali ambapo malori ya korosho yalipita mchana kutwa na kutuachia vumbi lao. Niliingia nikiwa nimevaa tai. Ilikuwa tai ya kwanza kuingia mle, na nadhani ya mwisho.

Niliyemkuta kwanza ni nyayo mbili. Zilikuwa zimetokeza chini ya lori, juu ya jamvi lililochakaa, nyeupe kwa vumbi.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka chini. "Ngoja kidogo, mgonjwa anaongea."

Nikangoja. Nikasikia nyundo ndogo ikigonga chuma, taratibu, mara moja, kisha kimya, kisha mara moja tena, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo hana hakika kama wenyewe wapo. Baada ya muda akatoka mtu wa makamo, mfupi, mabega mapana, chale za Kimakonde usoni. Huyo ndiye Mzee Chilumba, fundi mkuu. Ujana wake aliutumia kuchonga mpingo kule juu Newala, kisha akaenda kwenye mashamba ya mkonge kutengeneza matrekta, na mwisho akafika hapo. Kiswahili chake hakikuwa na 'r' hata moja. Sitakiiga, maana changu cha Bukoba nacho kilichekesha karakana nzima kwa muda wa mwaka mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Injinia? Umekuja na nyundo?"

Nikatoa rula yangu ya kukokotolea, ile yenye ulimi unaoteleza, niliyoipenda kuliko ndugu zangu wengine. "Nimekuja na hii."

"Hupima nini?"

"Karibu kila kitu, mzee."

Akaipokea kwa mikono miwili kwa heshima, akaigeuza huku na huku, akanirudishia. "Basi itunze isiingie grisi. Kila kitu ni vitu vingi."

Nitaje vifaa vyake, kwa kuwa leo havipatikani katika orodha ya karakana yoyote. Alikuwa na tezo ya kuchongea, ambayo sikuelewa inafanya nini kwenye kabati la spana. Alikuwa na ile nyundo ndogo. Na alikuwa na kopo la chokaa, ile ya matumbawe iliyochomwa Mikindani, pamoja na brashi ya makumbi ya nazi.

Nyundo ilitokana na mpingo. Mchongaji, alinieleza, haanzi kukata kabla hajaligonga gogo kwa mgongo wa tezo, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu mpingo unaweza kung'aa nje na kuwa umeoza moyoni, na ukigundua hilo baada ya mwezi wa kuchonga, umechonga hasara. Basi naye aligonga chesisi, yaani ule uti wa chuma unaobeba gari zima, kwa namna ile ile. Siku moja aliniita nilale naye juu ya jamvi.

"Sikiliza." Akagonga. Chuma kikalia kwa sauti ndefu, safi. Akasogea shibiri moja, akagonga tena. Mimi nilisikia sauti ile ile.

"Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema uongo.

Akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikazama ndani ya chuma kama inaingia kwenye andazi. Nilitazama lile tundu, kisha nikamtazama yeye. Nilikuwa nimesoma miaka minne na sikuwa nimefundishwa kusikia.

Chokaa nayo ilitokana na nyumba. Aliwahi kupaka chokaa majumba ya zamani ya Mikindani, akaona kwamba nyumba ikitaka kuteguka, chokaa mpya ndiyo hutangulia kupasuka, tena pale pale panapovutwa. Basi alikuwa akipaka maungio ya chesisi, anaiacha ikauke, gari linapelekwa kwenye njia mbaya, na likirudi analala chini kusoma. Palipopasuka ndipo chuma kinapoumia. Chuoni tulionyeshwa jambo hilo hilo kwa rangi maalumu ya kutoka ng'ambo, iliyotunzwa kwenye chupa ndogo ambayo wanafunzi hatukuruhusiwa kuigusa. Nilipomwambia hivyo, Mzee Chilumba alifurahi. "Kumbe nao wanajua," akasema.

Mnaweza kudhani kwamba baada ya mambo hayo nilikuwa nikimsikiliza. Nilikuwa nikimstaajabia, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. Lilikuwa gari la wagonjwa la zahanati za bonde la Ruvuma, refu, la kijivu, lenye machela moja na benchi la bati. Jina lake katika daftari ni namba tu. Jina lake katika vinywa vya watu lilikuwa Kinu, na aliyelipa jina hilo ni Bi. Somoe, mkunga wa zahanati ya Kitaya, mwanamke wa Mikindani, mwembamba, mwenye ulimi usiokwenda likizo. "Ukiingia ni mahindi," alikuwa akisema, "ukitoka ni unga."

Kabla hakijapewa kazi ya wagonjwa, Kinu kilikuwa kikipeleka wakubwa Msimbati. Aliyewahi kuishi Mtwara anajua maana yake. Bahari ikitoka, yaani maji yakipwa, mchanga wa Msimbati hushikana ukawa kama sakafu ya msikiti, na hakuna dereva wilayani aliyekubali kupita njia ya juu yenye mashimo wakati ufuko upo. Tulipita pale wote, kwa raha, tukiisifu barabara ambayo serikali haikuitengeneza. Maji ya chumvi yalirukia chini, mchanga mbichi ukaingia ndani ya chesisi, ukatulia humo. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo, kwa sababu hakuna mtu anayelitilia shaka jambo linalomstarehesha.

Mwaka wangu wa tatu, kiangazi kikielekea mwisho, Bi. Somoe aliteremka kwenye lori la korosho mbele ya karakana yetu, akiwa na mwavuli na kikapu. Hakuomba kiti.

"Nani hapa anashughulika na Kinu?"

"Ni mimi, Bi. Somoe," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Mtani wangu Chilumba, nawe sogea usikie, usijifanye unatafuta spana."

Akaeleza. Kitaya alikuwako mwanamke aitwaye Zuhura, mwenye mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza alikuwa amewapoteza. Wa pili alimpoteza ndani ya Kinu. Uchungu ulimkamata mapema kwenye ule mlima wa kutokea bondeni, pale penye mawe, kwa sababu ya kutikiswa, na hapakuwa na la kufanya njiani. Sasa daktari wa Mtwara alikuwa amesema wazi kwamba huyu hawezi kujifungua salama kijijini. Ni lazima afike hospitali kubwa kabla uchungu haujaanza, na afike ametulia. Mvua zikianza, bonde linajaa tope na Kitaya haifikiki kwa gari.

"Mkwe wake anataka abebwe kwa machela ya miti," Bi. Somoe akaendelea. "Siku mbili juani! Nimekataa. Nimemwambia Zuhura nitamletea gari lililotengenezwa likawa kitanda. Ameniambia, Bi. Somoe, mimi ndani ya Kinu siingii tena, bora nife kwangu. Nimembembeleza wiki nzima mpaka amesema atalitazama kwanza. Injinia, nimempa neno langu kabla hujanipa lako. Usinitie aibu."

Nikamwahidi. Vifaa vilikuwapo, na hilo ndilo lililonilevya: meli ilikuwa imeshusha springi mpya nene, shokapu nne, na bushi za mpira za kukaza maungio. Bati la kuchomelea tulikuwa nalo. Nikafunga mlango wa ofisi, nikatoa rula, nikaandika utaratibu wa kazi ambao mpaka leo naweza kuukariri. Kwanza springi. Pili shokapu. Tatu bushi. Nne, muda ukiruhusu, chesisi.

Mzee Chilumba alisoma karatasi ile mara mbili. "Hapa mwisho," akasema, "ndipo ningeanzia."

"Chesisi haina nyufa, mzee. Nimeitazama."

"Umeitazama. Umeigonga?"

"Muda ni wiki tatu kabla ya mvua. Chesisi hakuna atakayeiona. Kinachotikisa watu ni springi zilizochoka."

"Springi zilizochoka zinajua kunyenyekea," akasema. "Hizi mpya hazijui. Kila jiwe zitakalokutana nalo zitalipeleka juu. Juu kuna nani wa kulipokea?"

Nikamwonyesha hesabu zangu. Alizitazama kwa heshima ile ile aliyoipa rula, kisha akaenda kuleta jeki. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake, na hakuwa mtu wa kubishana na daftari.

Springi mpya zikaingia, shokapu zikaingia, bushi zikaingia. Muda haukuruhusu namba nne. Kinu kikasimama juu, kifua mbele, kama askari siku ya gwaride. Ikabaki kukijaribu. Hapa naomba msomaji anivumilie: nilikijaribu Msimbati. Bahari ilikuwa imetoka, ufuko umenyooka, dereva wetu Salumu wa Mtawanya akakanyaga mafuta, na Kinu kikateleza bila hata kikombe changu cha kahawa kumwagika. Nilishuka nikiwa nimeshika kiuno. Niliandika kwamba jaribio limefaulu. Nililipima gari la mawe kwenye barabara pekee isiyokuwa na jiwe, tena kwenye yale yale maji yaliyolila.

"Linakwenda kimya," nikamwambia Mzee Chilumba tuliporudi.

"Ndiyo," akajibu. "Shokapu mpya hulifunga gari mdomo. Haina maana kwamba haliumwi."

Asubuhi ya safari tuliondoka watatu: Salumu kwenye usukani, mimi kando yake, na Mzee Chilumba nyuma juu ya machela, na nyundo, na tezo, na kopo la chokaa. Nikamtania kwamba amebeba vyombo vya kuhamia. Akasema mzee hatembei bila fimbo.

Njia ya Kitaya kwa wakati ule ilikuwa na tabia tatu. Kwanza mchanga, halafu migongo-migongo ya udongo mwekundu inayotetemesha meno, halafu ule mlima wenye mawe. Ukifika ukingo wa juu, bonde lote linafunguka chini yako kwa ghafla: Ruvuma mpana, umegawanyika kwenye visiwa vya mchanga, na ng'ambo Msumbiji ikiishia kwenye ukungu. Nimeuona Ruvuma mara nyingi tangu hapo na sijawahi kuuona bila kuvua kofia moyoni. Siku ile nilikuwa bado nauangalia pale Kinu kilipotoa mlio mmoja mfupi, mkavu, kama mtu aliyevunja ubao gotini. Kisha kikalala upande wa kushoto.

Salumu akazima injini. Mzee Chilumba alishuka, akatandika jamvi lake kwenye mawe, akaingia chini. Safari hii hakugonga.

"Injinia," akaita. "Njoo uone, usije ukaambiwa tu."

Chesisi ilikuwa imekatika nyuma kidogo ya kishikizo cha springi, upande wa kushoto. Mdomo wa jeraha ulikuwa mwembamba kama karatasi, na ndani yake, badala ya chuma, mlikuwa na mchanga. Mchanga mweupe wa Msimbati ulitiririka ukaniangukia kifuani. Nilijua nauona uamuzi wangu mwenyewe, kwa utaratibu niliouandika, namba moja mpaka namba nne.

Sikulaumiwa. Ingekuwa nafuu. Mzee Chilumba alipanda porini, akarudi na gogo la mti mgumu la urefu wa mkono, akakaa juu ya jiwe, akaanza kulichonga kwa tezo. Nikaelewa tezo inafanya nini kwenye kabati la spana. Alichonga bila kupima. Aliinamisha kichwa, akatazama chesisi, akatazama gogo, akatoa kipande, akajaribu, akatoa kingine. Kwa muda wa saa moja gogo lile lilikubali umbo la chuma kilichovunjika, pembe kwa pembe, likaingia kama lilizaliwa humo. Tukalifunga kwa waya na mnyororo. Nimeona vyombo vingi vya usahihi maishani mwangu. Sijaona usahihi kama ule.

Tulikuwa tunamalizia kukaza waya watu wa Kitaya walipotufikia kwa miguu. Walikuwa wameona gari juu mlimani na kungoja lishuke. Mbele alikuwa Bi. Somoe. Nyuma yake, polepole, mkono mmoja mgongoni, alikuja mwanamke mrefu mwenye khanga kichwani, na mwenziwe amemshikia kifurushi cha nguo. Alikuwa Zuhura. Alikuwa ameamua kuja kulitazama gari, kama alivyoahidi.

Alilitazama. Alitazama lilivyoinama, alitazama gogo na mnyororo.

"Ndicho kitanda chenyewe?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Akachukua kifurushi chake kutoka kwa yule mwenziwe, akageuka, akaanza kuteremka.

Bi. Somoe alibaki. Nilitamani anitukane. Mwisho akamwambia Mzee Chilumba, "Mtani, mawingu yale unayaona?"

"Nayaona."

"Nakupa siku kumi. Yeye simpi kitu," akasema, akininyooshea mwavuli.

Tulirudi Mtwara kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Kesho yake niliichana karatasi yangu mbele ya mafundi wote, nikamwambia Mzee Chilumba anipangie kazi.

"Wewe shika taa," akasema.

Hizo siku kumi ndizo chuo changu cha pili, na sasa ndipo nawajibu wenzangu. Alianza kwa kuvua kila kitu, mpaka Kinu kikabaki mifupa. Akagonga chesisi yote, na kila palipojibu vibaya akachora duara la chaki. Nilishika taa nikasikiliza. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, nikasikia. Sauti ilikuwa fupi, imeziba, kama mtu anayeongea huku amejifunika shuka. "Hapa," nikasema kabla hajachora. Hakunisifu. Alinipa chaki.

Tulikata pabovu, tukaosha mchanga wa ndani kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, mpaka maji yakatoka masafi, tukachomelea vipande vipya, tukaacha matundu ya kutolea maji. Kisha chokaa kwenye maungio yote. Tukarudisha springi zile za zamani zilizochoka na kupakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu watano, Salumu akakipeleka kwenye migongo-migongo na kurudi. Nilishangaa: kwa nini springi mbovu?

"Nataka nisikie mifupa peke yake," Mzee Chilumba akasema. "Ukimpa mgonjwa dawa tano siku moja, utajuaje iliyomponya? Na iliyomdhuru?"

Chokaa ilipasuka mahali pawili. Tukapaimarisha, tukapaka tena, Salumu akaenda tena. Haikupasuka. Hapo ndipo tukaweka bushi, maana springi nzuri kwenye maungio yaliyolegea ni sawa na mguu mzima kwenye goti lililoteguka. Baada ya bushi, springi mpya, ila kila moja tuliipunguza vyuma viwili katika tabaka zake, kwa sababu zilitengenezwa kubeba tani za mizigo na sisi tulikuwa tunabeba mama mmoja. Shokapu zikaja mwisho, baada ya gari kumaliza kusema yote liliyokuwa nayo. Kisha tukapunguza upepo kwenye matairi kidogo. Chokaa safi kila hatua. Hesabu zangu zilitumika pia, kuamua ni vyuma vingapi vya kupunguza, nami nakumbuka kwa aibu jinsi nilivyofurahi kuulizwa.

Siku ya tisa Bi. Somoe alitokea na bakuli la bati.

"Sitaki kuambiwa," akasema. Akapanda nyuma, akajilaza kwenye machela, akajaza maji bakuli mpaka ukingoni, akaliweka juu ya tumbo lake. "Salumu, nipeleke penye mashimo ya Mtawanya. Na usiendeshe kama unabeba mayai, endesha kama unavyoendesha siku zote, mhuni wewe."

Tukamngoja barabarani kama wanaongoja matokeo ya mtihani. Gari liliporudi alishuka akipangusa gauni.

"Umelowa, Bi. Somoe?" nikauliza.

Akatazama ndani ya bakuli. "Yamebaki ya kutawadha," akasema. "Kesho alfajiri."

Bonde lilikuwa limefunikwa na wingu zito tulipofika Kitaya. Zuhura alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, mkwe wake amesimama nyuma yake na mikono kifuani. Hakuinuka.

"Aliyelitengeneza lile la kwanza ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, dada," nikasema.

"Na hili?"

"Huyu mzee. Mimi nilishika taa."

Akacheka kidogo, bila kupenda. "Mahali pabaya zaidi kukaa ndani ya gari hilo ni wapi?"

"Sakafuni, juu ya gurudumu la nyuma."

"Basi utakaa hapo. Mpaka Mtwara. Nikitikiswa mimi, nikuone wewe umetikiswa zaidi."

Nilikaa. Bi. Somoe alikuwa kwenye benchi, ameshika mkono wa Zuhura. Mzee Chilumba alikaa mkabala nami, ameweka kiganja sakafuni, macho ameyafumba, akisikiliza kwa mkono. Salumu alianza kupanda. Najua kila jiwe la mlima ule kwa majina, kwa kuwa niliyapokea yote, lakini kila nilipoinua macho kuangalia machela, niliiona ikipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu anayepumua. Chuma, mpira na springi vilikuwa vikipokezana lile pigo, kila kimoja kikilipunguza kidogo, mpaka linamfikia likiwa limebaki kitu cha kubembeleza. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa herufi za Kigiriki kwenye mitihani na kupata alama nzuri. Sikuwa nimewahi kuyaona. Nilisahau kuumwa. Nilisahau hata kuogopa.

Tulipita pale penye mawe. Zuhura alikuwa amefumba macho, midomo inasema dua. Mkono wake ulikaza wa Bi. Somoe mpaka vidole vikapauka. Gari likayumba, likatulia. Likayumba tena, likatulia. Mvua ya kwanza ikaanza kupiga bati juu yetu, nasi tulikuwa tumeshatoka bondeni.

Katikati ya njia mkono wake ukalegea. Bi. Somoe akainama haraka, akamtazama, akaweka kiganja tumboni, akangoja. Kisha akaweka kidole mdomoni kutuonya sisi wanaume, ambao hatukuwa tumesema lolote. Zuhura alikuwa amelala.

Aliamka tulipokuwa kwenye nyumba za kwanza za mji, akashtuka, akashika tumbo.

"Mlima bado?" akauliza.

"Mlima gani?" Bi. Somoe akamwambia. "Tuko Mtawanya, mwanangu. Vaa viatu."

Zuhura alitazama mbavu za gari juu yake, akatazama mvua mlangoni, na machozi yakamtoka bila sauti. Alikaa hospitali wiki tatu kabla ya kufanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa wa kike. Bi. Somoe alikuja karakana kutuambia, na akaniita mwanangu, mara moja tu, kisha akanirudisha kwenye Injinia.

Siku ile ya safari, baada ya kumshusha Zuhura, tulirudisha Kinu juu ya shimo la ukaguzi. Mgongo wangu ulikuwa umekufa ganzi, na nilitaka kwenda nyumbani nikalale kifudifudi. Mzee Chilumba alikuwa ameshatandika jamvi. Nikateremka naye kwa ajili ya adabu.

Chokaa ilikuwa nzima. Kwenye maungio ya mbele, nzima. Kwenye kile kipande kipya cha kushoto, nzima, nyeupe kama siku tuliyoipaka, licha ya mlima na mawe na mvua. Nilimulika huku nikihesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu watoto wake. Nikafika upande wa kulia, kwenye pembe ya nyuma, nikasimamisha taa.

Palikuwa na ufa mmoja, mwembamba kama unywele, wa urefu wa kucha.

Nilimtazama kwa hofu. Yeye alikuwa anatabasamu. Akachukua chaki akanipa, nami nikachora duara.

"Haya," akasema, akijivuta kutoka chini ya gari. "Kesho tunaanza hapo."